Mzee akitoka kubadilishiwa valvu ya moyo: jinsi ya kumuuguza mpaka akune nazi yake mwenyewe

Mama yangu alibadilishiwa valvu ya moyo akiwa na miaka 71. Mimi ni fundi cherehani hapa Makorora, Tanga, si mtu wa hospitali. Ninayoyaandika ni yale niliyofundishwa na madaktari na wauguzi, pamoja na yale niliyojionea nikilala kwenye mkeka kando ya kitanda chake kwa miezi mitatu. Watu huhangaikia operesheni yenyewe: fedha, bima, watu wa kuchangia damu, nauli ya Dar es Salaam. Siku mzee akiruhusiwa, ukoo mzima unashusha pumzi. Kumbe hapo ndipo kazi ya nyumbani inaanza.

Kila mgonjwa ana maelekezo yake kutoka kwa daktari wake. Yashike hayo kwanza, kisha chukua humu yanayokufaa.

Muulize anataka kurudi kwenye nini

Valvu ya mama iliyoharibika ilikuwa ya aota, mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni, imekakamaa kwa chokaa kama inavyowatokea wazee wengi. Mlango unaopitisha damu yote inayotoka moyoni kwenda mwilini ulikuwa umebaki upenyo mdogo tu. Sisi hatukujua. Tulichoona ni kwamba ameacha kwenda sokoni Ngamiani kwa miguu, tukasema ni magoti. Akaacha kupika vitumbua, tukasema ni uzee. Kisha akaacha kukuna nazi, akawa anamwita mjukuu. Siku alipozimia uani akianika nguo ndipo tulipoamka.

Kwa hiyo baada ya operesheni, muuguzi mmoja alipomuuliza, "Bibi, ukipona unataka ufanye nini?", mimi nilitarajia aseme anataka apumzike. Mama akajibu kwa sauti ile ya mtu aliyetolewa mipira kooni juzi: "Nikune nazi."

Muuguzi hakucheka. Aliandika kwenye karatasi, akasema, "Mbuzi utaukalia, lakini si kabla ya miezi mitatu. Tutafika." Karatasi ile niliibandika ukutani tulipofika nyumbani, na miezi yote iliyofuata ndiyo iliyotuongoza. Kipimo cha eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, kinakwambia valvu inafunguka vizuri. Hakikwambii kama mzee amerudi kwenye maisha yake. Muulize mzee wako mambo mawili au matatu anayotaka kuyafanya tena, yaandike kwa maneno yake, halafu mwonyeshe daktari ili akwambie kila jambo lianze lini.

Fanya hivyo hata kabla ya operesheni ikiwezekana, maana aina ya valvu nayo inategemea maisha ya mtu. Valvu ya chuma hudumu sana, lakini inataka dawa ya kuzuia damu isigande maisha yote. Valvu ya mnyama huchakaa baada ya miaka, mara nyingi kumi na kuendelea, na kwa aliyepita miaka 65 hiyo ndiyo inayochaguliwa mara nyingi. Mama alikuwa na swali lake: ni mnyama gani? Maana zipo za nguruwe na zipo zinazotengenezwa kwa ngozi nyembamba inayozunguka moyo wa ng'ombe. Daktari alimjibu kwa heshima kuwa yake ni ya ng'ombe, na uso wa mama ukatulia. Kama jambo hilo linamkera mzee wako, uliza mapema. Usimwache aingie chumba cha upasuaji nalo moyoni.

Kifua kimekatwa mfupa, usisahau

Ngozi inapona haraka na kukudanganya. Ndani, mfupa wa kifua umepasuliwa kwa urefu ukafungwa kwa nyaya, na unahitaji wiki 6 mpaka 12 kushikana sawasawa. Kwa mzee hesabu 12. Muda wote huo asinyanyue kitu kinachozidi kilo 2 au 3. Jagi la lita 2 likijaa tayari limefika hapo. Ndoo, mjukuu, sufuria ya wali, hata kusukuma geti zito, vyote vingoje.

Kumtoa kitandani kuna namna yake, na ukikosea utamsikia akiguna kwa maumivu. Usimvute mikono wala usimshike kwapani. Mlaze ubavu kwanza, magoti ameyakunja. Miguu ateremshe nje ya kitanda, na miguu inavyoshuka, wewe weka kiganja nyuma ya bega lake umsindikize kupanda. Akishakaa, asubiri. Mhesabie mpaka ishirini, kwa sababu presha hushuka ghafla na wazee wengi huanguka hapo. Kusimama, ajongee ukingoni mwa kitanda, mikono aikumbatie kifuani, ainamishe kichwa mbele kidogo, asukume kwa mapaja. Wiki ya kwanza mama alikuwa ananilaumu kuwa namsumbua na hesabu. Wiki ya tatu nilimsikia akijihesabia mwenyewe usiku akienda chooni.

Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Tulitafuta kiti cha plastiki imara, fundi akakikata katikati, tukakiweka juu ya tundu, na ukutani akapiga bomba la kushika. Kama una choo hicho, litengeneze jambo hili kabla mzee hajarudi. Hali kadhalika, asijikamue akiwa chooni. Dawa za maumivu hufunga tumbo, basi papai na maji kwa kiasi alichoruhusiwa, na choo kikikaza sana mwambie daktari akupe dawa ya kulainisha.

Kukohoa ni lazima ili mapafu yasijae makohozi. Mpe mto mdogo mgumu aukumbatie kwa nguvu kila akikohoa au kupiga chafya. Kama alipewa kile kifaa cha mazoezi ya pumzi chenye vimipira vitatu, akivute mara kumi kila saa akiwa macho. Mama alikuwa anashindana na mjukuu nani atavipandisha vyote.

Nguo sasa, na hapa nasema kwa ujuzi wangu. Dera la kuvaa kichwani linamlazimisha kuinua mikono, na hiyo inavuta kifua. Nilimshonea madera manne ya pamba yanayofunguka mbele mpaka chini, vishikizo vikubwa vya sentimita 2 kwa sababu vidole vilikuwa vinatetemeka, na upande wa ndani nikaweka kitambaa laini mahali pa kidonda ili mshono usikwaruze. Mwanamke mwenye matiti makubwa anahitaji sidiria laini isiyo na waya, ya kufungia mbele, hata akilala. Uzito wa matiti huvuta kidonda kutoka pande zote mbili. Wauguzi wengi hawalisemi hili na kina mama wanaona haya kuuliza.

Swala aliswali kwenye kiti. Alilia mara ya kwanza, akaona kama amepungukiwa. Mwambie mapema kwamba mgonjwa ana ruhusa yake, na kwamba kusujudu kutarudi mfupa ukishashika na daktari akikubali.

Bodaboda usimpakie kabisa. Garini, mto ule ule uwe kati ya kifua na mkanda. Safari ya kutoka Dar kuja Tanga tulisimama mara mbili ili anyooshe miguu.

Usiku wa kuchanganyikiwa

Hakuna aliyenionya, kwa hiyo nakuonya. Siku ya tatu baada ya operesheni mama aliniita kwa jina la marehemu dada yake, akaniambia nifunge mlango kuku wasiingie. Alikuwa wodini, ghorofani. Nilidhani akili imekwenda moja kwa moja.

Hali hii huwapata wazee wengi baada ya upasuaji mkubwa, na kwa kawaida hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Mwambie daktari upesi, maana huenda kuna uambukizi, upungufu wa chumvi mwilini au dawa fulani inayochochea. Wakati huohuo mvalishe miwani yake, fungua pazia mchana, mtajie siku na mahali alipo bila kubishana naye, na mtu anayemjua awe karibu. Nilipomletea kanga yake mwenyewe ya kujifunika alishika pindo lake, akalipapasa, akalala. Lakini kama uso umepinda, mkono umelegea au maneno hayatoki vizuri, hiyo si kuchanganyikiwa kwa kawaida. Inaweza kuwa kiharusi, na kila dakika ina maana.

Kuna na huzuni. Hii haikuja hospitalini, ilikuja nyumbani wiki ya nne, na kwa sehemu tuliileta sisi. Kwa mapenzi yetu tulimkataza kila kitu. Hata chai hakujimiminia. Akaanza kulala akielekea ukutani, chakula anakigusa tu, wageni wakija anajifanya amesinzia. Shangazi yangu alikuja kumtazama, akakaa nusu saa, akanivuta uani: "Mmeponya moyo wake, mkamnyang'anya nyumba yake."

Kesho yake nilimpa sinia la mchele achambue. Halafu vitunguu saumu amenye. Halafu nikamletea mashati ya wateja atie vishikizo, kazi ya kukaa, mikono iko mapajani. Akaanza kunikosoa kuwa uzi wangu mbovu, na niliposikia hivyo nilijua anarudi. Kama baada ya wiki mbili za kumpa kazi na watu bado hataki kula, hapati usingizi, au anasema maisha hayana maana, mpeleke. Huzuni baada ya upasuaji wa moyo ni ugonjwa unaotibika, na ukiachwa unarudisha nyuma kila kitu kingine.

Wafarini na daftari lake

Hapa naomba usome taratibu. Aliyewekewa valvu ya mnyama mara nyingi hupewa dawa ya kuzuia damu isigande kwa miezi 3 mpaka 6. Mapigo ya mama yalianza kwenda ovyo baada ya operesheni, jambo linalotokea sana, na kwa kuwa hayakutulia, anaendelea na wafarini mpaka leo. Kwenye paketi utaona Warfarin.

Dawa hii ikipungua, damu inaganda kwenye valvu na bonge linaweza kwenda kichwani. Ikizidi, mtu anavuja damu. Kipimo cha INR, kinachopima damu inachukua muda gani kuganda, ndicho kinachoonyesha mko wapi. Mama alipangiwa akae kati ya 2 na 3. Wenye valvu ya chuma wengine hupangiwa juu zaidi, basi ijue namba ya mgonjwa wako kama unavyojua jina lake. Nunua daftari. Safu nne zinatosha: tarehe, kiasi cha dawa, INR ya mwisho, tarehe ya kipimo kijacho. Sisi humpa saa 2 usiku baada ya taarifa ya habari, na mjukuu ndiye anayeweka alama. Ukisahau na ukakumbuka siku hiyohiyo, mpe. Ukikumbuka kesho yake, usimpe mara mbili. Andika kwamba ilirukwa.

Mboga za majani asikatazwe. Nimewaona watu wanamnyima mzee mchicha, kisamvu na matembele kwa sababu zina vitamini K inayopunguza nguvu ya wafarini. Kinachotakiwa ni kiasi kisichobadilika: kama anakula mboga mara nne kwa wiki, iwe hivyo kila wiki, na daktari atapanga dawa kulingana na hapo. Hatari ni wiki moja bila mboga, ya pili kisamvu kila siku. Unga wa mlonge, vidonge vya vitunguu saumu, na dawa za asili zinazouzwa stendi zikisifiwa kusafisha mishipa, hizo weka mbali mpaka daktari azione.

Nikupe na kosa lililotupata. Mwezi wa pili bega lilimuuma, na mimi nilikuwa nimekwenda kununua vitambaa. Jirani kwa nia njema akampeleka duka la dawa, akachomwa sindano ya diklofenaki ya nyonga. Jioni nyonga ilikuwa imevimba, nyeusi kama bilinganya, ngumu. INR ilikuwa 4.6. Tulilala hospitali siku tatu. Basi: sindano za nyama, yaani za kwenye msuli, asichomwe bila daktari kujua kuwa anatumia wafarini. Diklofenaki, ibuprofeni na jamaa zao asipewe. Maumivu ni parasetamoli, kwa kipimo, na ikiwa ni kwa siku nyingi mwambie daktari. Flagyl na Septrin, ambazo kila nyumba inazo, hupandisha INR. Akiandikiwa, sema, ili apimwe ndani ya siku chache. Nimemshonea mama kipochi cha shingoni chenye kadi ya plastiki: "Nina valvu ya moyo. Natumia wafarini. Nisichomwe sindano ya nyama." Kina na namba yangu ya simu.

Dalili za kukimbilia hospitali ni hizi: choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, fizi au pua inayovuja isikome, na kuanguka kwa kugonga kichwa hata kama anasema hajambo.

Homa si malaria mpaka ipimwe

Kwetu mtu akipata homa anameza dawa ya malaria, na isiposaidia anaongeza antibayotiki yoyote. Kwa mwenye valvu ya kupandikizwa mazoea haya yanaweza kuua. Vijidudu vikiingia kwenye damu hupenda kushika kwenye valvu, na uambukizi huo hujificha nyuma ya homa ya kuja na kuondoka, jasho la usiku, uchovu na kukonda.

Homa ikifika 38, nenda kituo cha afya, malaria ipimwe. Ikiwa ipo itibiwe. Ikiwa haipo, sema maneno haya: "Ana valvu ya kupandikizwa. Naomba damu ichukuliwe ya kuotesha vijidudu kabla hajapewa antibayotiki." Dozi chache tu za dawa ya kubahatisha zinatosha kuvificha vijidudu visionekane maabara, na hapo daktari anabaki gizani.

Mlango mkubwa wa vijidudu hivyo ni kinywa. Mswaki mara mbili kwa siku, wa nywele laini kwa sababu ya wafarini. Akitaka kung'oa jino, daktari wa meno aambiwe kwanza. Mwenye valvu ya kupandikizwa hupewa antibayotiki kabla, mara nyingi amoksilini gramu 2 kwa mkupuo, nusu saa mpaka saa moja kabla ya kung'oa, isipokuwa kama ana mzio nayo. Wafarini asiisimamishe kwa uamuzi wake mwenyewe.

Chakula, mizani, na miguu

Wiki za kwanza mama alisema kila kitu kina ladha ya chuma. Inapita. Mpe kidogo kidogo mara tano: uji wenye karanga, yai, samaki wa kuchoma na ndimu, maharage. Mfupa haushikani bila protini.

Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, ikijumuisha iliyomo ndani ya vyakula. Kwa watu wa pwani adui ni ng'onda na papa mkavu, pamoja na viungo vya pakiti vya mchuzi. Tulipunguza polepole, tukaongeza ndimu, tangawizi kidogo, na bizari nyembamba.

Mizani ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kila asubuhi, akishakojoa, kabla ya chai, nguo nyepesi, andika kwenye daftari lile lile. Kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku 3, hayo ni maji. Bonyeza mguu juu ya kifundo. Kidole kikiacha shimo, au akihitaji mito ya ziada ili alale, piga simu kliniki siku hiyo.

Kutoka barazani mpaka kwenye mbuzi

Siku ya kwanza nyumbani alitembea barazani na kurudi, dakika tano. Mara mbili kwa siku. Kila siku mbili tatu tukaongeza dakika. Tulitoka saa 12 asubuhi kabla jua la Tanga halijapanda. Alama zetu zilikuwa za mtaani: wiki ya pili mti wa mwarobaini, wiki ya nne duka la kona, wiki ya nane msikitini. Kipimo cha kasi ni maneno. Akiweza kukusimulia habari akitembea, sawa. Akikata sentensi kutafuta pumzi, asimame. Kifua kikibana, kizunguzungu au moyo kupiga ovyo kuliko ulivyozoea, mrudishe akae na uwasiliane na daktari.

Mwezi wa tatu daktari aligusa mfupa, akamwambia akohoe, akatazama picha. Kisha akamgeukia mama mwenyewe, si mimi: "Nazi sasa ruksa, kwa kiasi."

Kama mzee wako naye ni wa nazi, anzeni hivi. Achague mtu mwingine aipasue. Mbuzi uwekwe juu ya ubao ili magoti yasikunjike sana, maana kuinama ndiko kunakobana kifua. Kifuu kimoja tu, nusu ya nazi, na akizungushe kwa viganja bila kukisukuma kwa bega. Apumzike dakika kumi. Kesho aangalie kama kifua kinauma au mfupa unalia kwa ndani. Ukilia, arudi kwenye vishikizo wiki mbili na amwone daktari. Usipolia, kifuu cha pili kiwe wiki inayofuata.

Mama alikuna kile kimoja asubuhi ya Jumamosi. Alikataa nisaidie kukamua tui.